Browning niliipenda, Ceska ndiyo ninayoibeba

Dera halina mkanda. Naanza na hilo kwa sababu kabla ya kununua nilisoma miezi mitatu juu ya bastola, urefu wa kasiba (yaani mtutu), idadi ya risasi, uzito wa chuma, na katika yote hayo sikukuta aliyeuliza itakaa wapi mwilini. Wanaoandika mambo haya wengi ni wanaume wa nchi za baridi. Wana suruali nzito, mkanda mpana wa ngozi na koti juu yake. Mimi ni mwanamke wa miaka 52, nyumbani navaa dera, nikitoka navaa buibui, na Malindi ikishika kaskazi ya Februari hata leso ya begani naiona mzigo.

Nauza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, nondo, misumari, rangi. Wateja wangu wengine wako Mambrui, Gongoni, mpaka Marereni kwenye mashamba ya chumvi. Siku hizi malipo mengi huja kwa simu, lakini bado wapo mafundi na wakandarasi wadogo wanaolipa noti mkononi. Jioni narudi na gari kupitia daraja la Sabaki nikiwa na pesa ambazo si zangu zote. Nyingine ni za mwenye lori, nyingine za aliyenikopesha mzigo. Mwaka mmoja baada ya kufiwa na mume wangu nilifuatwa na pikipiki mbili kutoka Gongoni hadi karibu na mji. Walichukua pochi, simu na bangili mbili alizoniachia mama yangu. Bangili ndizo zinazoniuma hadi leo. Baada ya hapo nikaomba leseni.

Juu ya leseni nitasema machache. Hapa Kenya bastola ya raia iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ruhusa hutolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Utachukuliwa alama za vidole, utaleta cheti cha tabia njema, utapimwa afya ya akili, utafunzwa kupiga, na utaeleza kwa nini unaihitaji. Anayekwambia kuna njia ya mkato anakupeleka jela. Nilisubiri muda mrefu na sikulalamika, maana naona ni haki mtu achunguzwe vizuri kabla ya kupewa kitu kama hiki.

Marehemu alikuwa na Browning. Alipofariki, mimi na shemeji yangu tuliipeleka kituo cha polisi tukatia sahihi, kwa kuwa leseni ni ya mtu na huisha na mtu. Bastola si shamba la minazi, watoto hawagawani. Lakini nilikuwa nimeizoea kwa macho miaka ishirini. Kila Jumapili asubuhi aliitoa sefuni, akaifungua juu ya gazeti kwenye meza ya jikoni, akaipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu na mafuta ya cherehani, huku akinisimulia habari zake kama anayetaja nasaba ya ukoo wake.

Ndiyo maana najua kwamba John Moses Browning, Mmarekani, aliianza kazi hiyo uzeeni na akafa mwaka 1926 huko Liège, Ubelgiji, kabla haijakamilika. Kwamba Dieudonné Saive wa FN, kiwanda cha silaha cha hukohuko Ubelgiji, ndiye aliyeimaliza. Na kwamba ilitoka rasmi mwaka 1935. Zama hizo bastola nyingi za kijeshi zilibeba risasi 7 au 8. Hii ilibeba 13, zikiwa zimepangwa kwa kupishana safu mbili ndani ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka Wajerumani waliteka kiwanda wakaendelea kuitengeneza kwa jeshi lao, na ng'ambo ya bahari kiwanda cha Inglis cha Toronto, Kanada, kikaitengeneza kwa ajili ya wapinzani wao. Marehemu alipenda sana kusema hilo, kwamba maadui wawili walikwenda vitani na bastola moja kiunoni. Waingereza walikaa nayo kama silaha ya jeshi tangu miaka ya 1950 mpaka 2013, walipohamia Glock.

Basi leseni ilipotoka, moyo wangu ulikuwa umeshachagua.

Mwalimu wangu wa shabaha ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa bara aliyeoa huku Pwani akakaa. Nilikuwa nikienda kwake kiwanjani nje ya Mombasa, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, nikitoka Malindi alfajiri. Siku ya kwanza nilipomwambia nataka Browning hakunibishia. Alisema, "Mama, usinunue kwa masikio. Njoo upige nne tofauti, kila moja risasi hamsini, kisha uniambie mkono wako umesema nini." Ushauri huo peke yake ulikuwa na thamani kuliko yote niliyosoma.

Nianze na Browning yenyewe, ile aina ya baadaye inayoitwa Mark III. Iliingia mkononi kama kiatu kilichoshonwa kwa kipimo. Kiganja changu ni kidogo. Glavu za kazi tunazouza dukani mimi huvaa saizi ya mwisho kwa udogo. Bastola zenye magazini ya safu mbili huwa na mpini mnene, lakini huu ni mwembamba, umepinda vizuri nyuma, na kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Ukiinyanyua ukafumba macho kisha ukayafumbua, kilengeo kiko pale pale ulipotaka kuelekeza. Katika mita saba nilifunika matundu yangu mengi kwa kisahani cha chai. Sijawahi kushika kitu cha chuma kilichotengenezwa kwa ustadi kama ule, nami ni mtu wa kushika chuma kutwa.

Lakini kubeba si kupiga. Browning hufyatua kwa namna moja tu: lazima nyundo, kile chuma cha nyuma kinachopiga ili risasi ilipuke, iwe imeshavutwa nyuma. Kwa hiyo anayeibeba ikiwa tayari huibeba risasi ikiwa ndani ya chemba, yaani tayari kwenye kitako cha kasiba, nyundo imesimama, na kizuizi cha usalama kimefungwa kwa dole gumba. Njia nyingine ni kuiacha chemba tupu, na hapo ukiihitaji utahitaji mikono miwili, mmoja kushika na mwingine kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma na kuingiza risasi. Siku niliyovamiwa mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania usukani. Siku nyingine unaweza kuwa umeshika mjukuu. Chemba tupu nikaiondoa katika hesabu.

Ikabaki nyundo iliyosimama. Mwalimu alinieleza kwa subira kwamba bastola ile ilibuniwa ibebwe hivyo, na kwamba kizuizi kikifungwa kiko salama. "Kinachokutisha ni macho yako, mama, si mtambo." Namwamini. Ila kizuizi kile kwenye Browning za zamani ni kidogo mno, kijiti chembamba. Kwenye Mark III wamekipanua na kukiweka pande zote mbili, lakini nilipojaribu mara thelathini mfululizo, mkono ukiwa na jasho la saa saba mchana, dole gumba liliteleza mara nne. Mara nne katika thelathini, kiwanjani, hakuna anayenikimbiza. Sikuweza kuyapa maisha yangu hesabu hiyo.

Kuna na jambo la kifyatulio. Browning ina kifaa ndani kinachoizuia kufyatua magazini ikiwa imetolewa. Nia yake ilikuwa njema, lakini kifaa hicho husugua magazini kila unapovuta, na kifyatulio kikawa kizito na chenye mikwaruzo, kama kitasa cha mlango kilichoingia mchanga. Wako mafundi wanaokitoa. Mimi siwezi kumshauri mtu atoe kifaa cha usalama kwenye silaha yenye leseni, wala sikutaka kufanya hivyo.

Na mwisho ni chumvi. Hili wenzangu wa Malindi na Lamu watanielewa bila maelezo. Browning ile nzuri ya zamani ina rangi ya buluu-nyeusi inayong'aa, ambayo si rangi ya kupakwa, ni chuma chenyewe kilichopitishwa kwenye dawa. Hupendeza kama mtungi mpya. Hewa yetu haina huruma nayo. Ya marehemu, pamoja na kufutwa kila Jumapili, chini ya vibao vya mpini ilikuwa na madoa ya rangi ya chai. Nayo ilikaa sefuni siku nyingi. Ingebebwa kila siku juu ya ngozi inayotoa jasho, huku mwenyewe akishinda Gongoni ambako chumvi imelala wazi juani ekari kwa ekari na upepo unaibeba, sidhani ingemaliza mwaka bila kuharibika. Kiwanda cha FN kilisimamisha ile ya asili mwaka 2017. Ile waliyoitoa tena 2022 kwa jina la High Power ni bastola mpya kwa sehemu nyingi, na mwalimu hakuwa nayo nikaijaribu. Nayo ile niliyoipiga nilimrudishia kwa mikono miwili.

Za kati nitazipita haraka. Walther PPK ya mwaka 1931, ile ndogo ambayo watu huijua kwa sinema, niliitarajia iwe ndiyo ya mwanamke. Kumbe udogo unadanganya. Kasiba yake haichezi, nguvu yote ya kurudi nyuma huzuiwa na springi na uzito wa slaidi, kwa hiyo springi ni ngumu sana. Kuivuta ilinishinda kuliko bastola kubwa mara moja na nusu, na ikipiga inakupiga teke kali kwenye kiganja. Ukiwa na mkono dhaifu usidanganyike na umbo lake. Colt ya 1911 niliishika tu: risasi 7 nene, uzito wa kilo 1 na gramu 100 ikiwa tupu, nikairudisha mezani.

Rivolva, ile bastola ya gurudumu la risasi linalozunguka, niliipenda kwa akili. Smith & Wesson Model 36, iliyotoka mwaka 1950, inabeba risasi 5, na haina kizuizi wala magazini ya kusumbua; unavuta, inapiga. Ikikataa risasi moja unavuta tena, inazunguka, inaleta nyingine. Ni nyepesi, mviringo, haina pembe za kuchoma. Lakini kifyatulio chake ni kizito kweli, na kasiba fupi ile katika mikono yangu ilitawanya risasi ukutani kama mtu anayerushia kuku mtama. Mwalimu alisema rivolva ndogo ni bastola ya mtu aliyebobea ingawa watu humpa anayeanza. Baada ya risasi hamsini ukingo wa kidole changu ulikuwa umechubuka. Ningekuwa na mwaka mzima wa mazoezi kila wiki, pengine ingekuwa hadithi nyingine.

Kisha Ceska.

Kwetu Kenya jina hilo limekuwa la bastola yenyewe, kama Omo ilivyokuwa jina la sabuni yoyote ya unga. Soma habari za polisi wiki yoyote utalikuta. Asili yake ni Česká zbrojovka, na Česká maana yake ni ya Kicheki tu, basi. Ile ya asili ni CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili, František na Josef Koucký, mwaka 1975, wakati Chekoslovakia ilikuwa upande wa Urusi. Majeshi ya upande huo hayakutumia risasi ya milimita 9 ya Parabellum, kwa hiyo bastola hiyo ilitengenezwa ili iuzwe nje, si kwa askari wa kwao. Hataza zake nyumbani ziliwekwa siri, na nje hazikuilinda. Ndiyo maana Waitaliano na wengineo waliiga bila kizuizi na leo ndugu zake wa kunakiliwa wamejaa duniani.

Ukitazama utaona imechukua mengi kwa Browning: mpini uleule uliopinda kwa nyuma, magazini ya safu mbili, namna kasiba inavyofunga na kufunguka. Nilipoishika nilihisi kama nimekutana na binamu wa mtu ninayemjua. Tofauti kubwa ziko mbili. Ya kwanza, slaidi hupita ndani ya kiunzi, yaani mwili wa chini wenye mpini, si nje yake kama nyingine, kwa hiyo inakaa chini karibu na mkono na ikipiga haiinui pua sana. Ya pili ndiyo iliyoniamua: unaweza kuibeba nyundo ikiwa chini. Mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, unainua nyundo na kuiachia; kuanzia wa pili, slaidi imeshaivuta nyundo yenyewe, na kifyatulio kinakuwa kifupi na chepesi.

Ile kubwa ya chuma kitupu ina kilo nzima kabla ya risasi, nami sikuitaka. Nilichonunua ni ndogo yake, CZ 75 D PCR, ambayo herufi zake tatu za mwisho ni polisi wa Jamhuri ya Kicheki. Kiunzi chake ni cha alumini, urefu karibu sentimita 18, uzito chini ya gramu 800 ikiwa tupu, na magazini ya risasi 14. Niliipima mwenyewe kwenye mizani ya misumari. Ikiwa imejaa ilikaribia gramu 960, maana kila risasi ni gramu 12 hivi. Ni sawa na pakiti ya sukari ya kilo iliyochotwa vijiko vichache. Saa moja huuhisi uzito huo. Saa kumi unauhisi nyongani na mgongoni.

Kizuizi cha dole gumba aina hii haina. Mahali pake pana kidude cha kushushia nyundo: umeshaingiza risasi, unakibonyeza, nyundo inashuka yenyewe bila kugusa risasi. Na hapa kuna jambo dogo ambalo kwa mwenye kidole kifupi ni kubwa. Nyundo haishuki mpaka chini kabisa, husimama nusu ya njia, na kwa hiyo kifyatulio nacho kinakuwa kimesogea nyuma kidogo. Kwenye Ceska kubwa ncha ya kidole changu ilifika kwa taabu. Kwenye hii inafika. Milimita chache tu, lakini bila hizo nisingeinunua.

Sasa niseme kasoro zake, maana zipo.

Slaidi kupita ndani ya kiunzi maana yake ni kwamba sehemu ya kushika unapoivuta ni nyembamba, kama kushika ukingo wa sahani. Mikono yenye jasho huteleza. Mwalimu alinifunza nisivute kwa ncha za vidole, niifunike kwa kiganja chote kutoka juu, niisukume bastola mbele kwa mkono wa kulia wakati wa kushoto unarudi nyuma. Ilinichukua wiki tatu kuzoea. Mwenye baridi yabisi asiinunue kabla ya kujaribu.

Mvuto ule wa kwanza mrefu ndio uliokuwa mwalimu wangu mkali. Miezi miwili ya mwanzo risasi yangu ya kwanza ilikwenda chini kushoto kila mara, na ya pili na ya tatu zikaenda zilikotakiwa. Ukiwa na bastola ya namna hii unajifunza vifyatulio viwili. Kila usiku, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine na chemba nimeikagua mara mbili kwa macho na kwa kidole, huvuta kavu mara ishirini nikiuelekea ukuta wa mawe ya matumbawe wa nyumba yetu, ambao upana wake ni kama mkono wangu. Sasa risasi ya kwanza imerudi nyumbani.

Rangi yake nyeusi ni ya kupakwa na kuokwa. Dhidi ya kutu imenifaa sana, mwaka na miezi minne sasa, kusi mbili zimepita juu yake, na mwili wa bastola haujaota hata doa. Lakini imebanduka kwenye ncha ya mbele na kwenye kona inapoingia na kutoka kwenye ala, na pale penye chuma kitupu sharti mafuta. Kilichoota kutu kwangu ni vitu vidogo: skrubu za mpini, na kitako cha magazini ya akiba niliyokuwa naibeba mfukoni. Anayebeba magazini ya pili Pwani aipanguse kama anavyoipangusa bastola.

Na aibu moja niikiri wazi ili mwingine asiirudie. Msimu mmoja wa mauzo mengi nilikaa wiki saba bila kuifungua. Nilipofika kiwanjani, kwenye risasi ya sita slaidi iligoma kurudi mbele mpaka mwisho. Ndani tulikuta mchanga laini, vumbi la saruji na nyuzi za buibui zilizogandana na mafuta yakawa kama uji. Bastola haikuwa na kosa. Tangu siku hiyo naifungua kila Jumapili asubuhi, kwenye meza ileile ya jikoni, na mafuta yaleyale ya cherehani, ila machache. Mafuta mengi hukusanya vumbi. Ndani ya sefu natia vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, nabadilisha kila mwezi.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukununua Glock ukalala? Swali la haki. Glock 17 ilitoka mwaka 1982, kiunzi chake ni cha plastiki, chuma chake kina kinga kali ya kutu, na ile ya kati, Glock 19, ni nyepesi kuliko yangu, inabeba risasi 15, na kifyatulio chake ni kimoja tu cha kujifunza. Kwa hewa yetu hakuna bastola niliyoishika inayoishinda. Ukiniuliza kwa ajili ya binti yangu ambaye hajali chuma cha zamani, nitamwambia aiangalie hiyo kwanza. Mimi nilitaka mvuto wa kwanza uwe mrefu na mzito, wa kunipa nusu ya pumzi ya kujiuliza kama kweli nataka kufanya hili. Na nilitaka nyundo ninayoiona na kuigusa kwa dole gumba ninapoirudisha alani, nijue haijajivuta. Hiyo ni tabia yangu, na bastola ya kubeba kila siku lazima ikubaliane na tabia ya mwenyewe.

Bei sitaificha kwa maneno: pesa niliyolipa ingeninunulia tuktuk iliyotumika. Kumbuka kuongeza sefu ya kupigwa boliti sakafuni, mkanda, ala, na risasi za mazoezi ambazo ndizo zitakazokula pesa kuliko bastola.

Turudi kwenye dera. Kubeba kwenye pochi nilikataa siku ya kwanza. Pochi ndiyo wanayopora kwanza, na pochi ndiyo unayoiweka juu ya kochi mtoto akaifungua kutafuta peremende. Bastola ikiwa haiko mwilini mwangu iko sefuni, hakuna mahali pa tatu. Nikibeba mjukuu mapajani, iko sefuni. Nikienda msikitini au kwenye hitima, iko sefuni. Hili la hitima nilijifunza pale shangazi aliponikumbatia akahisi kitu kigumu, akanitazama machoni bila kusema neno. Benki namwambia askari wa mlangoni kwa sauti ya chini kabla hajaninyooshea kifaa chake, na kadi ya leseni iko tayari mkononi.

Chini ya buibui sasa navaa suruali ya kadeti yenye vitanzi vipana, na mkanda wa ngozi ya tabaka mbili alionishonea fundi viatu, kwa sababu mkanda wa dukani ulijikunja kama utumbo na bastola ikaning'inia. Ala yangu ya kwanza ilikuwa ya ngozi, nzuri, yenye harufu nzuri, na katika mwezi mmoja wa Machi ilikunywa jasho mpaka ikaota ukungu. Ngozi yenye jasho la chumvi ikikumbatia chuma usiku kucha ni kutu unayoialika mwenyewe. Nimehamia ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la PCR, inafunika kifyatulio chote, na jioni naiosha kwa maji ya bomba kama sahani. Inakwaruza rangi, ndiyo, lakini rangi ni afadhali kuliko kutu.

Mahali pa kuiweka wanaume husema pembeni ya kiuno, nyuma kidogo. Nyonga za mwanamke ziko juu na mbavu ziko karibu. Mpini ulinichoma ubavuni kila nilipoketi kwenye tuktuk. Nikaisogeza mbele ya nyonga ya kulia, ikalala kwenye ule mteremko kati ya tumbo na paja, na buibui likaangukia juu yake bila kuonyesha umbo. Dera nalo nimeliachia kazi ya nyumbani.

Kilichobaki kilikuwa buibui lenyewe, maana ukilipandisha lote mpaka kiunoni umeshachelewa. Dawa yake ipo kwa fundi cherehani yeyote wa mjini. Mwambie akupasulie upande wa kulia kwenye mshono, mpasuo wima wa shubiri moja na nusu kuanzia usawa wa kiuno, apindishe kitambaa ndani ili kingo zipandane zisiachie, na ashone ncha ya juu na ya chini mara mbili, kwani hapo ndipo panapochanika kwanza. Usitie kifungo wala zipu. Mimi nimepasuliwa mabuibui matatu, na kila jipya kabla sijalivaa nje naingiza mkono mara hamsini mbele ya kioo, bastola ikiwa tupu, mpaka kitambaa kiache kushika kwenye saa.